Wadai wa Beitulmali

Katika mlango wa mufilisi, wanazuoni wa fikihi wameweka tartibu ambayo wengi wetu hatukutani nayo ila vitabuni, kwa kuwa Mola amewasitiri walio wengi na aibu ya kusimamishwa mbele ya kadhi kwa sababu ya madeni. Mtu akizidiwa na madeni hata mali yake isitoshe kuyalipa, na wadai wake wakamfikisha penye hukumu, kadhi humzuia asiitumie mali ile apendavyo, kisha huiuza. Illa humwachia nguo za kumsitiri, na chakula chake na cha wale walio chini ya malezi yake, na kinachosalia hugawanywa baina ya wadai kwa kadiri ya haki ya kila mmoja, wala si kwa kadiri ya ukali wa sauti yake. Mjane anayemdai mufilisi yule riali kumi hupimiwa fungu lake kwa mizani ile ile anayopimiwa tajiri aliyemkopesha elfu.

Hukumu hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, mfanyabiashara au mkulima au nahodha aliyepoteza shehena. Dola haifikishwi mbele ya kadhi. Walakini dola nayo huweza kuwa na madeni yaliyoipita mapato yake, na pale inapoanza kupunguza hapa na kufuta pale, kumstaafisha huyu na kumtoza yule, kwa hakika inafanya kazi ya mufilisi na kazi ya kadhi kwa pamoja: yenyewe ndiyo mdaiwa, na yenyewe ndiyo inayoamua nani kati ya wadai wake atangulie na nani angoje. Nataka kulitazama swali hilo bila haraka: katika miaka ya dhiki, nani hasa ni mdai wa beitulmali, na nani ana haki ya kulipwa mwanzo?

Ashkhara, mji wetu wa wavuvi katika wilaya ya Jaalan Bani Bu Ali, kusini mwa Sharkia huku Omani, haukuhitaji vitabu ili kulifahamu swali hilo. Bei ya mafuta, ambayo katika nusu ya kwanza ya mwaka 2014 ilikuwa juu ya dola 100 kwa pipa, ilianguka hata mwanzoni mwa 2016 ikawa chini ya dola 30. Ikainuka kidogo, kisha mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoifunga dunia, ikaporomoka tena. Sultan Haitham bin Tarik, aliyeshika utawala Januari ya mwaka huo huo baada ya kufariki Sultan Qaboos, alirithi hazina ambayo madeni yake yalikuwa yakielekea riali bilioni 20. Ndipo ukatoka mpango wa miaka 2020 hadi 2024 ulioitwa Tawazun. Bajeti za idara za serikali zikakatwa, wizara zikaunganishwa, waliotimiza miaka 30 ya kazi wakaanza kustaafishwa, mishahara ya kuanzia ya wahitimu wapya ikapunguzwa, na ruzuku ya umeme na maji ikaanza kuondolewa kidogo kidogo tangu Januari 2021. Tarehe 16 Aprili 2021, katika siku za mwanzo za Ramadhani, ikaanza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, ingawa vyakula vya msingi viliachwa nje yake. Mwezi uliofuata vijana wasio na kazi walitoka mabarabarani Suhar, na baada ya Suhar miji mingine, na kabla mwezi haujaisha ikatoka amri ya kutafutiwa watu 32,000 kazi.

Katika mabaraza yetu, baada ya sala ya alasiri, kahawa na tende vilipokuwa vikizungushwa, hesabu za Maskati zilikuwa na sura za watu. Nilimsikia kijana mmoja, mhitimu wa uhandisi, ambaye shahada yake alikuwa ameitia katika bahasha ya plastiki pamoja na leseni yake ya uvuvi, akimwambia mzee mmoja aliyekuwa karani tangu ujana wake na sasa amestaafishwa kabla ya muda aliokuwa ameuhesabia: "Ami, walituambia nyinyi mnatoka ili sisi tuingie. Wewe umekwisha toka. Mbona mimi bado niko baharini?" Mzee akakizungusha kikombe chake, akasema, "Kile kiti changu, mwanangu, hawakukuwekea wewe. Wamekiondoa." Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya barafu. Katika maneno yale machache walikuwamo wadai wawili wa hazina, na hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba anadai. Mzee alikuwa na mapatano yasiyoandikwa, ya kwamba atatumikia hadi umri fulani na kwa matumaini hayo akajenga na kuoza watoto. Kijana alikuwa na ahadi aliyopewa tangu darasani, ya kwamba asome, kisha nchi itamhitaji. Aliyeikopesha serikali fedha kupitia masoko ya London alikuwa na hati, na katika hati yake siku ya kulipwa imeandikwa. Huyu hakucheleweshwa.

Sisemi hayo kwa kulibeza deni lenye hati. Deni katika dini yetu ni jambo zito kupita kiasi. Imepokewa kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akiwa na deni la dinari mbili, akawaambia masahaba wake wamsalie wao, hata Abu Qatada alipojitokeza na kulichukua deni lile shingoni mwake ndipo Mtume akasimama kumsalia. Mtu aliyelelewa kwa habari hiyo hawezi kuichukia serikali inayohangaika kulipa inachodaiwa. Lakini habari haikuishia hapo, na nusu yake ya pili haisomwi sana katika hotuba za Ijumaa. Mwenyezi Mungu alipoifungulia Madina riziki, na beitulmali ikawa na kitu, Mtume alitangaza kwamba atakayekufa na kuacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake, na atakayekufa na kuacha deni, au watoto wasio na mtu, basi deni lile na watoto wale ni juu yake yeye. Kwa tangazo lile, yatima ambaye hajawahi kuikopesha dola hata dirhamu moja aliingia katika daftari la wanaoidai.

Kuna watu wema ambao suala lote hili hulifunga kwa neno moja, kadari. Husema bei ya mafuta imeshuka kwa amri ya Mungu, basi kilichobaki ni kushukuru na kusubiri. Na hutaja kwamba bei za vitu zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume awapangie bei, alikataa, akawaambia kwamba mwenye kuikunja riziki na kuikunjua ni Mwenyezi Mungu. Sina ubishi na hadithi hiyo, wala simjui mvuvi wa Ashkhara mwenye ubishi nayo, maana mvuvi huliona jambo hilo kila anapovuta wavu. Walakini kukunjwa kwa riziki ni jambo moja, na kuigawa riziki iliyokwisha shuka ni jambo jengine. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kiibadhi, walipokuwa wakijadiliana na makundi mengine juu ya matendo ya waja, walishika kwamba Mungu ndiye muumba wa kila tendo na mja ndiye mwenye kulichuma, na kwa kule kulichuma ndiko atakakoulizwa. Bei ya pipa haikuchumwa na mtu yeyote wa Maskati. Lakini orodha ya watakaopunguziwa, iliyoandikwa kwa kalamu, ikasomwa, ikarekebishwa, na kutiwa sahihi mchana ndani ya chumba chenye kiyoyozi, hiyo ni chumo la mtu, na mwenye kulichuma hawezi kulirudisha mbinguni.

Sasa nije kwenye habari ambayo naona inatufunza zaidi ya nyingine zote, nayo ni ya nchi hii hii, katika zama ambazo wazee wetu walizishuhudia kwa macho yao. Sultan Said bin Taimur alipochukua madaraka mwaka 1932, alikuta hazina tupu na madeni ya wafanyabiashara na ya serikali ya India juu yake. Akajifunga kibwebwe. Akaliweka mbele ya macho yake lengo moja, kwamba dola isiishi kwa mkopo, na kwa ubahili ambao wengine waliuita hikima na wengine wakauita mengineyo, akalifikia. Mwezi wa Januari 1968, miezi michache baada ya shehena ya kwanza ya mafuta ya Omani kusafirishwa mwaka 1967, alitoa waraka wa kuwaeleza raia wake jinsi alivyoikuta nchi na jinsi alivyoitoa katika madeni yale. Na mwenye kuusoma kwa insafu ataona kwamba ni maneno ya mtu aliyeamini kwa dhati kuwa ametimiza amana. Sipendi kumsema marehemu kwa ubaya, na mtu aliyewahi kudaiwa na asiye na huruma anaweza kuifahamu hofu yake.

Bali tutazame daftari lote. Mwaka 1970, alipoondoka, nchi nzima ilikuwa na shule 3 za serikali, ambazo wanafunzi wake walikuwa kiasi cha 900, wote wavulana. Hospitali ilikuwa ile ya wamisionari wa Kimarekani huko Matrah. Barabara ya lami ilikuwa ya kilomita chache tu. Maelfu ya vijana walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Kuwait na Bahrain na kwengineko, wengine wakifanya kazi za utarishi na ulinzi, wakijifunza kusoma usiku baada ya kazi. Hazina haikudaiwa na benki yoyote, na hata hivyo ilikuwa na deni ambalo halikuandikwa mahali popote, deni la kila mtoto aliyeukosa ukurasa na kila mama aliyefia katika uzazi kwa kuwa tabibu wa karibu alikuwa umbali wa siku kadhaa kwa ngamia. Mwenye hati alikuwa amelipwa mpaka senti ya mwisho.

Na deni lile lililipwa na nani? Hapa pana jambo ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili huku Sharkia tulikuwa na wajibu wa kulisema kwa sauti zaidi kuliko tunavyolisema. Watu wa Ibra, na Mudhairib, na Sur, na Jaalan, walikuwa na jamaa zao Unguja na Pemba na Mombasa tangu enzi za majahazi, na watoto wao walisoma huko, katika skuli zilizogharimiwa na kodi ya karafuu. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964 pamoja na misiba yake, wakatawanyika. Na Sultan Qaboos alipowaita Waomani walio nje warejee kujenga nchi, katika waliorejea walikuwamo walimu, wauguzi, makarani, wahandisi na wahasibu ambao elimu yao ilikuwa imelipiwa na beitulmali ya nchi nyengine, ng'ambo ya bahari. Yaani akiba ya Maskati ilisimama, kwa sehemu, juu ya matumizi ya Unguja. Kila ninaposikia hazina ikisifiwa kwa kubana matumizi, hujiuliza ni hazina gani nyengine, au ni mfuko wa baba gani, au ni mgongo wa mama gani, uliobebeshwa kile kilichobanwa. Kwa sababu mtoto hakuacha kuhitaji kusoma, wala mgonjwa hakuacha kuumwa, ati kwa kuwa sarafu zimebaki sandukuni.

Kenya waliliona jambo hilo hilo kwa sura nyengine. Mwishoni mwa mwaka 1989, katika masharti ya kurekebisha uchumi ambayo mashirika ya fedha ya kimataifa yalikuwa yakiyaeneza Afrika nzima, wagonjwa walianza kutozwa ada katika hospitali za serikali, na miezi michache baadaye, mwaka 1990, ada ya wagonjwa wa nje ikasitishwa kwa muda kwa kuwa watu waliofika walikuwa wamepungua mno. Maradhi hayakupungua. Yaliyopungua ni majina katika daftari la hospitali, na karani anayelitazama daftari tu angeweza kuripoti kwamba mzigo umekuwa mwepesi. Kisha Januari 2003, ada za shule za msingi zilipofutwa, watoto zaidi ya milioni moja walijitokeza ambao mwaka uliotangulia hawakuwa madarasani. Hao ndio wadai wasio na hati: hawaonekani mpaka mlango ufunguliwe. Huko Tanzania, Mwalimu Nyerere alikuwa amebishana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa, akiuliza hadharani kama ni halali watoto wafe njaa ili madeni yalipwe. Akang'atuka 1985, na mapatano yakatiwa sahihi 1986. Unaweza kusema kwamba Mwalimu alishindwa hesabu, kwa kuwa maduka yalikuwa matupu na sabuni ilikuwa ya foleni. Mimi nasema swali lake lilikuwa la fikihi kuliko la uchumi, na halijajibiwa na yeyote kati ya walioshinda.

Wako waliolijibu zamani. Mwaka 1259, Watatari wakiwa wamekwisha kuivunja Baghdad na wanaielekea Misri, Sultan Qutuz aliwakusanya wanazuoni Kairo akitaka fatwa ya kuwatoza raia mali ya kugharimia vita, kwa kuwa hazina haikutosha. Mtu asingeweza kupata dharura kubwa kuliko ile. Shekhe Izz-ud-Din bin Abdus-Salam akamjibu kwamba inajuzu, ila kwa sharti: kwanza pasibaki kitu katika beitulmali, na sultani na maamiri wake watoe mapambo ya dhahabu na vito vyao, kila mmoja abaki na farasi wake na silaha yake, awe sawa na mtu wa kawaida, baada ya hapo, kama bado haitoshi, ndipo mkono unyooshwe kwa raia. Yakatolewa, jeshi likaenda, na mwezi wa Septemba 1260 Watatari wakashindwa Ain Jalut. Jambo linalonivutia katika fatwa ile ni mahali shekhe alipoiweka haki. Hakukataa kodi, wala hakusema raia wasiguswe. Aliyapanga mambo, hili kabla ya lile. Ni mufilisi yule yule wa vitabuni, anayeachiwa nguo na chakula na kunyang'anywa pambo, isipokuwa safari hii aliyesimamishwa mbele ya kadhi ni sultani.

Na kabla yake, katika mwaka wa ukame mkubwa ulioitwa mwaka wa majivu, Sayyidna Omar bin Al-Khattab alijizuia samli na nyama mpaka watu wote wavipate, hata rangi ya uso wake ikabadilika. Na jambo ambalo wachache hulitaja, aliiahirisha zaka ya wanyama mwaka ule, yaani dola ililisogeza mbele dai lake yenyewe juu ya watu kabla ya kuwataka watu wayasogeze madai yao juu ya dola. Huku kwetu, juu ya Imamu Muhammad bin Abdallah Al-Khalili, aliyekuwa Imamu Nizwa tangu 1920 hata 1954, husimuliwa kwamba aliuza mali yake ya urithi ili kuikidhi beitulmali ilipopungukiwa. Wazee wa Dakhilia, mkoa wa Nizwa, huisimulia habari hiyo kwa ufupi, bila ya kuipamba, kama watu wanaosema jambo lililokuwa wajibu tu.

Lakini sitaki suala hili lionekane kuwa ni la wema wa nafsi ya mtawala peke yake, kwa kuwa watu wema ni wachache na huondoka. Kuna mahali Omani ambapo tartibu hii haikungojea mtu mwema, imejengwa kwa mawe na saruji ya zamani. Sisi wa pwani hatuna falaji, yaani mfereji wa maji yatokayo chini ya ardhi, twayaona mabonde yenye mitende tukipanda kwenda Ibra au tukivuka hata Nizwa, ambako Falaji Daris, mmoja katika mifalaji 5 iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, ungali ukipita. Maji yakitoka chini ya ardhi hufika kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, ambapo mpita njia na mwenye shamba kubwa wana haki moja. Kisha hupita msikitini na mahali pa kuogea. Kisha ndipo huingia katika mitende kwa zamu zinazomilikiwa na watu kwa saa zao, nusu saa ikiitwa athari. Na mwisho kabisa, yakibaki, huenda katika mashamba ya chini yanayolimwa kwa msimu. Mwaka wa ukame zamu ya mtu haibadilishwi. Kinachopungua ni maji yaliyomo ndani ya zamu, kwa hiyo mwenye saa nyingi na mwenye nusu saa hupungukiwa kwa kadiri moja, na yale mashamba ya msimu huachwa makavu kabla ya mtende mmoja kuguswa, kwa sababu mboga hupandwa tena mwakani, na mtende uliokufa humtaka mtu angoje miaka. Fauka ya hayo, sehemu ya zamu ni mali ya falaji wenyewe, hunadiwa mbele ya watu, na fedha zake ndizo zinazotengeneza mfereji. Hata ukame uwe mkali vipi, wakili wa falaji hakai usiku kucha akitafuta nani akatiwe maji, kwa kuwa jambo hilo lilikwisha amuliwa na watu waliokufa karne nyingi zilizopita, wakati maji yalipokuwa tele na hapana aliyekuwa na hofu wala haraka.

Bajeti za dola nyingi duniani hufanya kinyume. Katika miaka ya neema hapana mtu anayeuliza kipi ni mtende na kipi ni mboga, vyote humwagiwa. Na dhiki ikifika, tartibu huandikwa kwa siku chache, na katika siku chache mtu hukata palipo karibu na mkono wake. Karibu na mkono pako ajira ya kijana ambaye hajaajiriwa bado, maana huyo hatalalamika ofisini. Pako matengenezo ya barabara ya mji wa mbali. Pako mafunzo, na vitabu, na nafasi ya muuguzi aliyehama na hakuwekewa badala.

Ndiyo maana nina shaka na mahubiri ya subira yanayotolewa katika miaka kama hiyo, ingawa subira ni nusu ya imani kama tulivyofunzwa. Subira ni ya mwenye kuonja. Mvuvi wetu haruhusiwi kumvua nguru, tunayemwita kanadi, tangu 15 Agosti hadi 15 Oktoba, ili samaki apate kuzaa. Na kwa siku hizo watu wa Ashkhara husubiri bila ya kuhubiriwa, kwa sababu makatazo yana tarehe ya kuanza na ya kwisha, yana sababu inayoonekana, na yanamhusu mwenye mashua moja na mwenye mashua kumi. Kumwambia mtu asubiri bila ya kumwambia mpaka lini, wala kwa ajili gani, na huku umeketi kitako mbele ya sahani yako, ni kumtaka akulipie ibada. Na niseme pia kwa insafu kwamba dhiki haikuwa sawa hata baina yetu: upepo wa kusi hutupunguzia sisi wa Ashkhara joto la kiangazi, hata watu hutujia kutoka bara kupumzika, lakini jamaa zetu wa Ibra, ambao mwezi wa Julai hawawezi kuzima kiyoyozi hata saa moja, ndio waliozisoma bili za umeme kwa mikono inayotetemeka.

Serikali, na haki yake isemwe, haikuziba masikio. Muda wa kuondoa ruzuku ya umeme ulirefushwa. Deni lilishuka hata mwisho wa 2024 likawa chini ya riali bilioni 15, na bei ya mafuta iliyopanda baada ya 2021 ikasaidia sana, jambo ambalo wasifiaji wa mpango hulipitia juu juu. Na Julai 2023 ikatoka Sheria ya Hifadhi ya Jamii, kwa Amri ya Sultan namba 52 ya 2023, ambayo tangu Januari 2024 imempa kila Muomani aliyefika miaka 60 riali 115 kwa mwezi, kila mtoto riali 10, na mwenye ulemavu riali 130. Kwa mtazamo wa suala letu, sheria hiyo ina thamani kuliko kiasi cha fedha zake. Mtoto wa Ashkhara aliyezaliwa jana ana jina lake katika daftari la hazina, ana kiasi kilichotajwa, na ana tarehe ya kulipwa. Amepewa hati. Siku nyengine mafuta yakianguka, na yataanguka, atakayetaka kulikata fungu lake itambidi aibadilishe sheria waziwazi, hataweza kulipunguza kimya kimya kwa kuacha tu kumwajiri mtu.

Linabaki jambo moja ambalo bado linanisumbua, nalo ni la mpangilio. Mwezi wa Juni 2025 ilitoka Amri ya Sultan namba 56 ya mwaka huo, ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, ya kwanza ya namna yake katika nchi za Ghuba: asilimia 5 juu ya kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Ni kodi itakayowagusa wachache, na sidhani kwamba katika mji wetu wamo wa kuhesabika. Sabuni, na nyuzi za nyavu, na vipuri vya mashine ya mashua vimekuwa vikitozwa asilimia 5 ile ile tangu Aprili 2021. Nimeelezwa sababu za kutangulia huku na kuchelewa kule: kodi ya dukani ni nyepesi kukusanya, ya mapato inataka mifumo na watumishi waliofunzwa, na tajiri akitishika huhamisha mali yake. Baadhi ya sababu hizo ni za kweli, na aliyeziandika huenda anaijua kazi yake kuliko mimi. Lakini lau ningalipewa mimi kalamu ile, na mbele yangu ikawekwa fatwa ya Kairo, ningaliuanza mwaka 2021 kwa mwenye riali 42,000, na sabuni ningaliiacha ingoje hadi 2028.